Huru si bure

Haya wadau, leo historia, ila Majimaji tunaipumzisha kidogo.

Mwaka 1999 Mark Spencer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, alikuwa na kakampuni kake ka kuwasaidia watumiaji wa Linux. Alitaka mtambo wa simu za ofisini, bei ikamshinda. Basi akaandika programu yake, Asterisk, akaiachia huru kwa leseni ya GPL.

Sasa angekula nini? Kampuni yake, iliyokuja kuitwa Digium, iliuza kadi za kuunganisha kompyuta na laini za simu. Hapo sina neno. Sisi wa ualimu tunajua elimu ni ya wote, lakini mwalimu naye anakula.

Utata uko hapa: Digium iliuza pia leseni ya pili, kwa wasiotaka masharti ya GPL. Ili iweze kufanya hivyo, waliochangia vipande vya programu walitakiwa kwanza kusaini kuiruhusu. Jasho la wengi, mlango wa pesa mmoja.

Ni wizi? Mimi nasema hapana. Walisaini wakijua, na Asterisk ilibaki wazi kwa wote, hata Sangoma ya Kanada ilipoinunua Digium mwaka 2018. Wizi ungekuwa kuwaficha, au kufunga kilichojengwa na wengi.

Nyie mnasemaje?