Kronos: Nyuzi Kumi na Sita, Nusu Karne

Mwaka 1973 mpiga fidla David Harrington wa Seattle, Marekani, alisikia redioni Black Angels, kazi aliyoitunga George Crumb mwaka 1970 wakati Vita vya Vietnam vimepamba moto. Ndani yake wapigaji wanne wananong'ona, wanapaza sauti, wanagonga upatu na kusugua kwa upinde bilauri zenye maji. Harrington alitaka kuupiga muziki huo, akatafuta wenzake. Ndiyo asili ya Kwateti ya Kronos: fidla mbili, viola na selo.

Fedha hazikuwapo. Mtunzi wa kwanza kuagizwa kazi, Ken Benshoof, alilipwa mfuko wa donati.

Tangu hapo kundi halikutosheka na Haydn na Beethoven. Liliwaendea watunzi walio hai na kuwaomba muziki mpya. Kazi walizotungiwa au kupangiwa zimepita 1,000. Kufikia 1978 walikuwa San Francisco, na safu iliyowajengea jina ilikamilika: Harrington, John Sherba, Hank Dutt na Joan Jeanrenaud kwenye selo.

Tuzo ya Grammy waliipata 2004 kwa muziki wa Alban Berg, lakini kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki diski ya 1992, Pieces of Africa, ndiyo yenye uzito. Watunzi wote ni wa Afrika, na iliongoza chati za Billboard za muziki wa klasiki na za muziki wa dunia kwa wakati mmoja. Uganda inawakilishwa na Justinian Tamusuza, aliyefundisha Makerere, kwa Ekitundu Ekisooka. Humo noti za mmoja huingia katika mapengo ya mwenzake, mtindo wa wapiga amadinda, marimba za Buganda, wanaoketi kuelekeana kwenye mbao zilezile. Mzee wa Bugeshi, Rwanda, aliyezoea iningiri, fidla ya jadi yenye uzi mmoja tu, asingeona fidla hizo ni ngeni sana. (Kenya na Tanzania hazimo, kwa bahati mbaya.)

Mwaka 2015 walianzisha mradi wa kuagiza kazi 50 kwa ajili ya wapigaji vijana, Angélique Kidjo wa Benin akiwa miongoni mwa watunzi. Noti za mradi huo hupakuliwa bure mtandaoni, jambo kubwa kwa shule yenye fidla lakini isiyo na bajeti ya vitabu.

Sherba na Dutt walistaafu 2024, nafasi zao zikachukuliwa na Gabriela Díaz na Ayane Kozasa. Selo iko kwa Paul Wiancko; fidla ya kwanza bado ni ya Harrington.