Makaburi ya Mashujaa, Kaboya

Hapa Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa askari wa Tanzania waliokufa katika Vita vya Kagera.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba. Tarehe 30 majeshi ya Rais Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, na siku mbili baadaye akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka, lililokuwa juu ya mto huo, liligoma kuvunjika kwa mabomu ya ndege za Uganda, hata akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Lilianguka tarehe 3 Novemba, na waliobaki ng'ambo wakakosa njia.

Walioishi chini ya wavamizi waliona makubwa. Wanawake walibakwa, watu walichukuliwa mateka, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Inakadiriwa raia 1,500 waliuawa. Wapatao 40,000 walikimbilia kusini, wakiacha migomba na kahawa bila mwenyewe.

Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Mgambo waliitwa kutoka kila mkoa, malori na mabasi ya raia yakabeba askari hadi huku, safari ya siku nyingi wakati wa mvua. Tarehe 19 Novemba daraja la muda lilitandazwa mtoni, na mwanzoni mwa Desemba wavamizi walikuwa wametimuliwa. Vita viliendelea ndani ya Uganda. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Tafadhali usikanyage makaburi.