Mariga, McDonald

McDonald Mariga Wanyama (alizaliwa Nairobi, 1987) ni kiungo mkabaji mstaafu wa Harambee Stars na Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Alitwaa taji hilo akiwa na Inter Milan mwaka 2010, na ndilo hasa linalobeba sifa yake hadi leo, nje na ndani ya nchi.

Familia na mwanzo

Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Mdogo wake, Victor Wanyama, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Southampton, na alikuwa nahodha wa Harambee Stars. Mariga alipitia klabu za nyumbani kabla ya kwenda Uswidi mwaka 2005, akaanzia Enköping kisha Helsingborg, alikocheza pamoja na Henrik Larsson.

Italia

Parma ilimchukua mwaka 2007. Timu ilishuka daraja 2008 na kupanda tena msimu uliofuata, naye akaendelea kung'ara katikati ya uwanja. Januari 2010 Manchester City ilikuwa tayari kumsajili, lakini alinyimwa kibali cha kazi kwa kuwa Kenya ilikuwa nje ya timu 70 bora duniani. Mchezaji akaadhibiwa kwa unyonge wa timu ya taifa lake. Siku chache baadaye Inter ya José Mourinho ikamsajili, na mlango uliofungwa Manchester ukamfikisha mbali zaidi.

Katika miezi minne Inter ilitwaa ligi, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa, klabu ya kwanza ya Italia kubeba yote matatu katika msimu mmoja. Tarehe 28 Aprili, katika nusu fainali ya marudiano dhidi ya Barcelona uwanjani Camp Nou, Inter ikiwa pungufu kwa mchezaji mmoja, Mariga aliingia dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Samuel Eto'o na kusaidia kulinda ushindi wa jumla. Fainali ya Mei 22 mjini Madrid, ambako Bayern Munich ilifungwa 2-0, aliitazama akiwa benchi. Wapo wanaolitumia benchi hilo kumpunguzia heshima. Si haki: kikosi cha Mourinho hakikuwa na nafasi za hisani.

Majeraha ya goti yalimzuia kuendelea kwa kiwango hicho. Alicheza kwa mkopo Real Sociedad na Parma, kisha klabu ndogo za Italia na Uhispania.

Siasa na uongozi

Novemba 2019 aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya chama cha Jubilee, katika uchaguzi mdogo uliofuatia kifo cha mbunge Ken Okoth. Alishindwa na Imran Okoth wa chama cha ODM. Kibra ilikuwa ngome ya ODM, na umaarufu wa mpira haukutosha kuivunja. Desemba 2024 alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF), chini ya rais Hussein Mohammed. Wakiwa madarakani, Agosti 2025 Kenya iliandaa michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani (CHAN) pamoja na Tanzania na Uganda, ikafika robo fainali.

Nafasi yake

Divock Origi, mwana wa Mike Okoth wa Harambee Stars, alifunga bao katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2019 akiwa na Liverpool, ila yeye aliichagua Ubelgiji. Miongoni mwa waliovaa jezi ya Kenya, Mariga ndiye pekee mwenye medali ya bingwa wa Ulaya.