Dakika Moja ya Mzee Parsons

Mhariri ameniomba niandike habari ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu. Najua wengi mlitazamia niandike juu ya Vita vya Majimaji au misafara ya biashara ya zamani. Mnisamehe. Nimechagua kumlilia mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akichekesha watu redioni. Historia ya kipindi chake ilianzia darasani, na kipande chake kidogo kilifika hata katika bwalo letu la chakula.

Mzee huyo ni Nicholas Parsons. Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1923 katika mji wa Grantham, akafariki tarehe 28 Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 96. Tangu tarehe 22 Desemba 1967 alikuwa mwenyekiti wa kipindi cha BBC kiitwacho Just a Minute, maana yake Dakika Moja Tu. Vipindi vilivyorushwa chini yake vilizidi 900, na hadi mwaka 2018 hakuwa amekosa hata kimoja. Sisi watumishi wa serikali tunaolijua daftari la mahudhurio tunaelewa kwamba hilo si jambo dogo.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza lakini ni mgumu kuucheza. Mwenyekiti humpa mshindani mmoja mada, naye hutakiwa kuizungumzia kwa sekunde 60 bila kusita, bila kurudia neno na bila kutoka nje ya mada. Maneno madogo madogo husamehewa, na yale yaliyomo katika mada yenyewe pia. Wenzake watatu humvizia. Anayemkamata hubonyeza kengele na kutoa pingamizi, kisha mwenyekiti huamua. Pingamizi likiwa la haki, mpingaji hupata pointi na kuichukua mada kwa sekunde zilizobaki. Likiwa si la haki, pointi huenda kwa msemaji. Filimbi ikilia, anayesema wakati huo huongezewa pointi.

Chanzo chake ni adhabu ya shule. Aliyeubuni mchezo huu, Ian Messiter, alisoma katika shule ya Sherborne. Siku moja mwalimu wake wa historia, Percival Parry Jones, alimwona amezubaa darasani, mawazo yako mbali. Akamwamuru arudie yote yaliyosemwa katika dakika iliyopita, bila kusita wala kurudia. Miaka mingi baadaye, akiwa ghorofa ya juu ya basi namba 13, Messiter aliikumbuka adhabu ile, akaongeza sharti la kutotoka nje ya mada. Walimu mnaotusoma, mwaona? Mtu hajui neno lake lipi litabaki katika kichwa cha mtoto.

Parsons alikipata kiti kile kwa bahati. Alitarajiwa kuwa mshindani, na kiti kilikuwa cha mchekeshaji Jimmy Edwards, ambaye hakupatikana. Kipindi cha majaribio hakikuwapendeza wakubwa, na kama si mtayarishaji wake, David Hatch, kukitetea, pengine kingeishia hapo. Ndipo wakaja washindani waliokipa sifa: Kenneth Williams, aliyejua kuvuta neno moja mpaka likawa refu kama kamba, Clement Freud, aliyekuwa pia mbunge, Derek Nimmo na Peter Jones. Hao wote walimfanya mwenyekiti wao kuwa shabaha ya mzaha. Naye aliupokea na kucheka, kisha akatoa uamuzi. Hilo ndilo lililomfanya apendwe. Aliacha achekwe yeye, lakini mchezo hakuuacha uende ovyo.

Sasa niwarudishe kwetu. Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha tatu. Niliosoma nao wanakumbuka kwamba nilikuwa na kigugumizi. Nikiitwa kujibu swali, darasa lilikuwa limeshajiandaa kucheka kabla sijafungua kinywa. Mlezi wa chama chetu cha midahalo, mwalimu wetu wa Kiingereza, alikuwa na redio ya mawimbi mafupi ambayo kwayo alikisikiliza kipindi kile. Jumamosi moja usiku akatuletea mchezo huo bwaloni, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili. Kengele yetu ilikuwa kijiko na sahani ya bati.

Akaniita mimi. Mada yangu ilikuwa "Chakula cha bweni". Nilisema sekunde chache tu, nikakwama. Sahani ikalia. "Amesita!" Bwalo zima likaangua kicheko. Mwalimu akainua mkono mpaka pakawa kimya.

"Pingamizi limekataliwa," alisema. "Hakusita. Alikuwa akivuta pumzi. Pointi kwake. Endelea, kijana."

Niliendelea. Dakika sikuimaliza, maana nilikuja kukamatwa kwa kurudia neno "maharage", na hapo nilikamatwa kwa haki. Lakini nilikamatwa kama mwanafunzi mwingine yeyote. Sikuwa nimewahi kupata heshima hiyo.

Mzee Parsons alipofariki mwaka 2020, nilisoma habari za maisha yake, na jambo moja likanisimamisha. Utotoni alikuwa na kigugumizi. Alizaliwa akitumia mkono wa kushoto, wakubwa wakamlazimisha kuandika kwa wa kulia. Alitaka kuwa mwigizaji, wazazi wakakataa, akatumia miaka mitano akijifunza uhandisi katika kiwanda cha pampu huko Clydebank kabla ya kurudia alichokipenda. Mtoto yule aliyekwama ulimi ndiye aliyekaa zaidi ya miaka 50 akiamua nani amesita na nani hakusita! Nikaelewa kwa nini mara nyingi penye shaka alimwachia msemaji aendelee, na kwa nini aliwapa pointi hata wale waliokosea pingamizi lakini wakachekesha.

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini aliyejikwaa ulimi naye huinuka, ikiwa aliyekaa kitini anampa nafasi. Mimi leo huongoza vikao ofisini. Akitokea kijana mgeni, maneno yakimkwama, na wakubwa wakianza kutazama saa, humwambia, "Vuta pumzi, endelea." Maneno hayo si yangu. Niliyapata bwaloni.

Kiti cha Parsons kilichukuliwa na Sue Perkins mwaka 2021, na mwalimu wetu naye ametangulia mbele ya haki. Vijana, nawaomba mwuanzishe tena mchezo ule Jumamosi usiku. Sahani za bati najua hazikosekani. Chagueni mada, hesabuni sekunde, pingeni kwa ukali. Ila mwenyekiti mchagueni kwa uangalifu. Msimtafute mwenye ulimi mwepesi kuliko wote. Mtafuteni anayejua tofauti ya kusita na kuvuta pumzi.

Mungu awalaze wazee wetu hao wawili mahali pema.