Zawadi Ambayo Mzani Hauitambui

Februari 1862, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipopokewa katika jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda, alimtandazia mfalme mzigo wa zawadi uliobebwa na wapagazi tangu pwani: kasha la bati, vitambaa vinne vya hariri, bunduki, bastola, darubini, kiti cha chuma, mafungu kumi ya shanga bora, visu na vijiko vya mezani, na saa moja ya dhahabu. Kilichomteka Mutesa ni bunduki, na hilo halishangazi. Lakini saa ile ina habari yake. Miezi michache nyuma msafara huo ulikuwa Uzinza, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Geita, ukikwamishwa na watemi waliodai hongo, yaani ushuru wa kupita. Hongo ilitolewa kwa nguo, waya na shanga. Ikabishaniwa, ikaongezwa, ikabishaniwa tena, kwa kuwa kila mtu kwenye njia ile alijua nguo kiasi gani ni sawa na waya kiasi gani. Saa haikuwa na kipimo cha namna hiyo. Ilikaa mzigoni mpaka ikamfikia aliyekusudiwa.

Tofauti hiyo ya zamani, kati ya kitu ambacho bei yake inajulikana njia nzima na kitu kinachomngoja mtu wake, ndiyo inayonifanya niseme neno ambalo wengine wataliona la kichekesho: katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, na hasa mahali kama Nyarugusu, saa ya mkono ya bei ya kati ni zawadi bora ya siku ya kuzaliwa kuliko dhahabu yenyewe. (Nyarugusu ninayoisema ni ya wachimbaji, wilayani Geita, si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi tangu 1996.) Hapa maisha ni kupima. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hugawanywa kwa viroba: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, vijana walioshuka chini lao. Viroba huenda karashani kusagwa, unga huoshwa mwaloni, zebaki hukamata dhahabu, moto huifukuza zebaki, na kinachobaki hulala juu ya kimzani kidogo cha betri. Hata mchanga uliokwisha kuoshwa, marudio, una mnunuzi anayejua kilichosalia ndani yake. Machi 2019 Geita ilipofungua soko la madini, la kwanza nchini, gramu hizo zilikutana mezani na mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, viwango vilivyoletwa na mabadiliko ya sheria ya 2017. Mpe mtu wa Nyarugusu pete ya dhahabu, na kabla hajatamka asante jicho lake limeshakadiria uzito. Umempa fedha iliyokunjwa kwa duara.

Ng'ombe naye, kipenzi cha Usukuma, hawezi kuwa zawadi tupu. Ana heshima kuliko saa yoyote, lakini heshima yake imefungwa na hesabu za ukoo. Hans Cory, aliyezikusanya sheria na mila za Wasukuma wakati wa ukoloni na kuzichapisha mwaka 1953, alikuta mfumo mzima wa kuhesabu ng'ombe wa mahari: wangapi wametolewa, wangapi wanarudi ndoa ikivunjika, watoto waliozaliwa wanapunguza wangapi. Ng'ombe anakumbuka alikotoka, na waliomtoa wanakumbuka zaidi. Kumpa kijana mtamba siku aliyotimiza miaka 25 ni kumwingiza katika daftari hilo, atake asitake.

Mfano mkubwa wa zawadi iliyoponyoka daftari ulitoka jirani tu, Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Oktoba 1947 mgodi wake ulitoa jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake ya mwezi uliofuata. Likakatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya ua la bruchi. Jiwe lile lingeweza kupewa bei wakati wowote, ila kwa miongo mingi lilivaliwa tu. Kilicholitoa sokoni si udogo wa thamani. Ni kwamba lilikuwa limekwisha kuwa la mtu fulani, kwa siku fulani, na mikono yote ilijua hivyo. Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia, aliweza kufanya hivyo na almasi kwa sababu hakuwa na shida ya ada ya shule. Sisi wengine tunahitaji kitu ambacho soko lenyewe litatusaidia kukishikilia, na hapo ndipo bei ya kati inapoingia.

Lakini tuseme kwanza saa ya mkono haikuwa nini huku. Katika miji mingi ya viwanda duniani, saa ya mkono ilifuata king'ora: mtu aliyeuza masaa yake alihitaji kuyahesabu mwenyewe asipunjwe. Geita ilipata kipande cha historia hiyo. Wajerumani waliitambua dhahabu yake mwaka 1898, na kati ya 1936 na 1966 mgodi wa kampuni ulichimba chini ya ardhi, mkubwa kuliko wote wa dhahabu Afrika Mashariki kwa wakati wake. Ulipofungwa, kazi ya kulipwa kwa saa ikaondoka nao, na ilirudi kwa ukubwa mgodi mpya wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu hakuwahi kuwa mtu wa king'ora. Analipwa mawe. Duara likitoa, anakula. Lisipotoa, hata angekaa chini usiku na mchana hakuna wa kumlipa muda wake. Kwa hiyo anayedai kwamba simu imeiua saa, kwa kuwa kila mfuko sasa una saa ndani yake, anazungumza na mtu wa kiwandani. Mkononi mwa mchimbaji saa haikuwa kifaa cha kazi, na huwezi kumnyang'anya mtu kazi ambayo hakuwa nayo. Ilianza kama kitu cha kuvaa kwenda mnadani, kanisani na msibani, na hapo simu haina cha kushindana nayo.

Ilianza kwa taabu pia. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 bidhaa za nje ziliadimika, na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwafanya watu wafukie na kutupa vitu usiku kwa kuogopa kuulizwa vimetoka wapi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, enzi ya ruksa ikafuata, na wachimbaji wakamiminika kwenye rashi, yaani machimbo mapya yanayovuta watu kwa ghafla, za ukanda huu. Dhahabu na saa ziliingia hadharani karibu kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana mpaka leo wengine huona saa mkononi kuwa majivuno.

Wakati huohuo duniani saa ilikuwa imegeuka. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa saa ya kwanza ya mkono inayoendeshwa na kioo cha kwatzi na betri, kwa bei iliyolingana na gari dogo. Miaka ishirini baadaye Casio waliitoa F-91W, ya plastiki, inayotunza muda vizuri kuliko saa ya kifalme na kugharimu kama mlo wa familia. Uswisi, iliyokuwa na watu wapatao 90,000 katika kazi ya saa mwaka 1970, ilibaki na takribani theluthi moja yao katikati ya miaka ya 1980. Maana yake kwa mnunuzi wa zawadi ni hii: tangu hapo usahihi wa muda ni kitu cha bure. Anayelipa laki kadhaa halipii kujua saa ngapi. Analipia chuma, kazi ya mkono, na sura. Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, ndiyo mfano ninaoupendelea: haina betri, hujitia ufunguo kwa mtikiso wa mkono wenyewe, inaonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, na kitufe chake cha kurekebishia majira kimefichwa chini kidogo, kwenye tarakimu ya 4, kisikwaruze kiganja. Bei yake inakaribia ya ndama. Ya bei nafuu itatupwa betri ikiisha. Ya mamilioni italala kabatini kama akiba na kuuzwa siku ya shida. Hii ya katikati ina sababu ya kufunguliwa na fundi saa na kurudishwa mkononi.

Kitufe hicho kipo kwenye 4 kwa aliyekitengeneza. Kwetu akrabu fupi ikifika hapo ni saa kumi. Hili ni jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ndilo hasa la kutazama dukani. Msemaji wa Kiswahili anayesoma uso wa saa husoma upande wa pili: akrabu iko kwenye 7, yeye anasema saa moja. Baadhi ya saa zina mkia mfupi nyuma ya akrabu fupi, upande wa pili wa ekseli, uliowekwa kwa ajili ya mizania. Mkia huo, bila mtengenezaji wake kukusudia, unaonyesha saa ya Kiswahili. Lakini ukikuta uso wenye vijiti vitupu, au wenye tarakimu ya 12 peke yake, mkia unaelekeza pasipo na kitu. Kwa hiyo saa yenye sura ya pekee, kwa mtu wa huku, haitafutwi kwenye rangi ya kung'aa. Itafutwe kwenye tarakimu zote kumi na mbili zilizoandikwa wazi, na mkia mrefu kidogo.

Rangi ya kung'aa ina ubaya mwingine, na hapa kemia inaunga mkono hoja. Wengi wanaotaka kumfurahisha mtu wa machimbo humnunulia saa iliyopakwa maji ya dhahabu. Wanaona inafanana na mahali. Zebaki haina utani na dhahabu. Tone likigusa utando huo mwembamba hujichanganya nao palepale, doa jeupe linatokea, na hakuna sabuni ya kuliondoa. Shaba nyeupe na shaba nyekundu nazo hazisalimiki. Chuma ndicho kisichoungana nayo, na ndiyo sababu zebaki ya biashara husafirishwa tangu zamani ndani ya chupa za chuma. Mwaloni, panapokamatiwa dhahabu, saa inayoweza kuzeeka kwa heshima ni ya chuma cha pua. (Mkono wa mwenye saa, ambao nao haupaswi kugusa zebaki, ni habari ya makala nyingine.)

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba siku ya kuzaliwa yenyewe ni ya kuazima, keki na mishumaa ya mjini, na kuitungia zawadi ni kuiga juu ya kuiga. Ni kweli kwamba tarehe ni ngeni. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa watoto wengi mno wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na watu wazima wengi wameandikishwa kwa tarehe ya kukadiria. Lakini kukumbuka wakati wa kuzaliwa si kugeni hata kidogo. Usukumani jina lenyewe lilitunza majira. Mabula na Kabula walikuja na mvua, Nzala alikuja na njaa, Limi na jua, Milembe wakati wa amani. Kulwa na Doto wanatangaza kuwa ni mapacha, na Shija kwamba amewafuata. Mwislamu husherehekea Maulidi na Mkristo Krismasi, na zote mbili ni sikukuu za kuzaliwa. Kilichoongezwa na karatasi za shule na kitambulisho cha taifa ni namba tu: Mabula anayejua alizaliwa masika sasa anatakiwa kuijua tarehe.

Linabaki lile la mwisho, kwamba saa nazo huuzwa. Huuzwa, na anayekataa hajawahi kuona rashi ikikauka. Lakini tazama zinauzwaje. Gramu ya dhahabu ina bei ileile kwa mwenye njaa na kwa mwenye kushiba. Saa ya bei ya kati, ikishavaliwa mwezi mmoja, mnunuzi huikata nusu bila haya, akianza na mikwaruzo ya kioo. Hasara hiyo ndiyo inayomfanya mwenye saa afikirie mara mbili, auze kwanza kitu kingine. Na mtoaji anaweza kuiongeza kwa makusudi, kwa gharama ndogo: ampelekee fundi achonge mgongo wa saa, jina upande wa juu na tarehe chini yake. Herufi zikishaingia, atakayetaka kuiuza tena itambidi asage chuma mpaka Mabula na masika yake wafutike, na mfuniko wa saa ya mkono hauna unene wa kustahimili kusagwa mara mbili.