Kompyuta, Jenerali, Stesheni: kuchagua viungo watano bila takwimu

Jumamosi moja mnadani Msalato, nje kidogo ya jiji la Dodoma, tuligombana kuhusu viungo. Si vya pilau. Nyama ilikuwa bado inaiva, vumbi la ng'ombe wanaopelekwa kuuzwa linatuingia puani, na watu wazima sita wenye ajira na familia tunapigiana kelele kuhusu nani kati yetu anajua kuchagua wachezaji wa kati.

Sisi sita tuna ligi yetu ndani ya mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa asiyeujua: mwanzoni mwa msimu unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, watano kati yao viungo, na hairuhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Baada ya hapo unakaa mbele ya televisheni ukimwombea dua mtu ambaye hata hajui kama upo. Kiungo wako akifunga anakuletea pointi 5, akitoa pasi ya bao pointi 3. Akishinda uwanjani dakika 90 akizima mashambulizi na kunyang'anya mipira, kwa miaka mingi alikuletea pointi 2 za kucheza, na 1 ya ziada kama timu haikufungwa. Basi.

Ndiyo maana kila anayecheza fantasi hufundishwa mapema: usitumie pesa kwa mkata umeme. Mfano ni N'Golo Kanté. Msimu wa 2015/16 Leicester City walitwaa ubingwa, yeye akafunga bao 1. Msimu uliofuata akahamia Chelsea, nao wakatwaa ubingwa. Kila mtu alijua timu ipi ina bahati, na bado kwenye vikosi vyetu vya simu alikuwa mtu wa kujazia benchi.

Mmoja wetu amesoma Melbourne. Huko wana kandanda yao, ya uwanja wa duara refu na wachezaji 18 kila upande, na fantasi yao inahesabu karibu kila kitu: teke pointi 3, pasi ya ngumi 2, kumkamata mwenye mpira 4, bao 6. Kwa hesabu hiyo, viungo ndio mali. Mtu anayegusa mpira mara thelathini anaweza kumwacha mbali mfungaji wa mabao mawili. "Tatizo si viungo," alituambia huku akigeuza nyama. "Tatizo ni karani anayehesabu."

Hapo ndipo shindano lilipozaliwa. Kila mmoja achague viungo watano wa Kitanzania wa nyakati zote. Wageni hawaruhusiwi, kwa hiyo Chama, Niyonzima, Aucho na Aziz Ki wapumzike. Baada ya mwezi tukutane hapohapo, kila mtu atetee watano wake kwa ushahidi, tupige kura. Wa mwisho ananunua mbuzi.

Wenzangu waliuchukua kama utani. Mimi nilikuwa na deni. Miaka michache iliyopita, nikiwa mgeni kazini, niliagizwa kuandika tanzia ya kiungo mmoja wa zamani aliyecheza hapahapa mjini kwetu. Mhariri aliniuliza swali moja: alifunga mabao mangapi? Niliuliza huku na kule, nikarudi mikono mitupu. Tanzia ikatoka na maneno yasiyofika mia, nusu yake ratiba ya mazishi. Nilikwenda msibani, nikakuta wazee wamekaa mkekani wanamzungumzia tangu asubuhi na hawajamaliza. Sikuwa nimewauliza.

Tuanze na historia ya mchezo wenyewe, maana inaeleza mengi. Vikosi vya kufikirika vina umri kuliko simu za mkononi. Mwaka 1980, kundi la watu jijini New York, akiwemo mwandishi na mhariri Daniel Okrent, walianzisha ligi yao ya kubuni ya besiboli na kuiita kwa jina la mgahawa waliokuwa wakikutana, La Rôtisserie Française. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu magazeti ya Marekani yalichapisha takwimu za wachezaji bila kuchoka: nani kapiga, nani kakimbia, nani kakosa. Karani alikuwepo. Wao walileta kikokotoo na chakula cha mchana.

Mwaka huohuo wa 1980, mwezi Machi, Taifa Stars walikuwa Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, mara yetu ya kwanza. Tulifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Mabao mawili ya mwisho yalifungwa na Thuwein Waziri. Lile la kwanza, dhidi ya Nigeria, lilifungwa na kiungo wa Yanga, Juma Mkambi, na kwa hiyo ndilo bao la kwanza la Tanzania katika fainali hizo. Tulisubiri miaka 39, hadi Misri 2019, ndipo tukarudi tena.

Sasa jiulize mtu wa Dodoma alilijuaje bao la Mkambi. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Hapa kwetu mpira uliingia kwa redio, na magazeti yaliyopanda kutoka Dar es Salaam. Gazeti lilikupa matokeo na wafungaji. Redio ilikupa kilichobaki.

Nilikwenda kumwona baba mkubwa, Kikuyu, mstaafu wa reli. Baada ya shikamoo na uji wa ulezi nilimweleza shida yangu. Akacheka, akasema mimi nimechelewa. Alikuwa na daftari. Kila mechi aliyoisikiliza aliandika: tarehe, timu, nani alianza, na pembeni neno moja au mawili kuhusu mchezaji aliyemkuna. Daftari aliliweka chini ya kitanda kwenye boksi la karatasi, na anayeijua Dodoma anajua mchwa wa Dodoma. Walianza na boksi.

"Mkwasa alifunga mabao mangapi?" nilimuuliza, kalamu mkononi.

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, wewe ukila pilau la mama yako unamuuliza ametia punje ngapi za iliki?"

Nikaandika hilo, kwa sababu sikuwa na kingine cha kuandika. Kisha akaanza kuwataja, na niligundua kwamba hataji mtu kwa jina la baba yake. Anataja Kompyuta. Anataja Jenerali. Anataja Master, Fundi, Gagarino, Muchacho. Nilipouliza kila jina lina maana gani, akanieleza namna mtu alivyocheza. Mchwa walikula daftari, lakini yale maneno ya pembeni walikuwa wameyaacha.

Kompyuta ni Sunday Manara wa Yanga, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Uholanzi kuchezea Heracles, na hutajwa kama Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Fikiria jina lenyewe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Watu wengi waliolitamka jina hilo walikuwa hawajawahi kuiona mashine yenyewe. Walichojua ni kwamba ni kitu kinachopiga hesabu kabla binadamu hajamaliza kuwaza, na kwamba Jangwani wanacho kimoja, kinavaa kijani na njano.

Jenerali ni huyohuyo Mkambi wa Lagos. Alivuma nyakati ambazo nchi imetoka kwenye Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na vyeo vya jeshi vilikuwa midomoni mwa watoto. Kumwita kiungo jenerali ni kusema anapanga wenzake, nani apande na nani abaki. Master ni Charles Boniface Mkwasa wa Yanga, aliyekuja baadaye kuinoa Taifa Stars. Fundi ni Method Mogella wa Simba. Gagarino ni Hamisi Gaga, na anayekumbuka Yuri Gagarin aliyezunguka dunia mwaka 1961 ataelewa mzaha wa jina hilo.

Kisha televisheni ikaja, na ukisikiliza vizuri, majina yalibadilika. Kizazi cha Haruna Moshi hakikuitwa kwa mashine wala vyeo. Yeye ni Boban, kwa jina la Zvonimir Boban, nahodha wa Croatia waliomaliza wa tatu Kombe la Dunia la 1998 na kiungo wa AC Milan. Boban wetu naye alifika Ulaya, akachezea Gefle ya Sweden mwaka 2010. Haruna Niyonzima alipotua kutoka Rwanda akaitwa Fabregas. Zamani jina la utani lilimsaidia asiyeona aone. Televisheni ilipofika, watu walianza kumfananisha wa nyumbani na yule waliyemwona jana usiku kwenye kioo.

Na leo? Leo tuna namba. Msimu wa 2023/24 mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara alikuwa kiungo, Stephane Aziz Ki wa Yanga, mabao 21. Nyuma yake kiungo mwingine, Feisal Salum wa Azam, mabao 19. Msimu uliofuata akawa kiungo tena, Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16. Mhariri wangu wa zamani angefurahi: swali lake sasa lina jibu. Lakini kumbuka tunachokisherehekea. Tunawasifu viungo kwa kufanya kazi ya washambuliaji.

Wiki hiyo ya maandalizi nilifanya jaribio. Kila shabiki wa Simba niliyekutana naye nilimuuliza kuhusu tarehe 19 Julai 1977, siku Yanga walipofungwa 6-0. Wote wanajua, hata waliozaliwa miaka ishirini baadaye: Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga alijifunga. Halafu nikauliza: pasi za mabao matatu ya Kibadeni zilitoka kwa nani? Hapo shabiki anakohoa, anatazama pembeni, anaanza kuzungumzia usajili.

Mwezi ulipokwisha tukarudi Msalato. Watano wangu walikuwa hawa: Sunday Manara, Juma Mkambi, Charles Boniface Mkwasa, Haruna Moshi na Feisal Salum. Nilimweka Feisal kwa sababu Fei Toto ni jina la nyumbani, si la kioo, na nilitaka mmoja ambaye hata karani wa leo hawezi kunibishia. Nilieleza kila jina la utani kama ushahidi wangu. Wenzangu walinisikiliza vizuri tu, kisha wakanipigia kura nyingine. Aliyeshinda alikuja na Kibadeni na mabao yake matatu, akidai King huyo alikuwa akishuka katikati kuchukua mipira. Mimi nilishika nafasi ya nne kati ya sita. Angalau mbuzi hakuwa wangu.

Wa Melbourne alinifariji kwa habari. Msimu huu wa 2025/26 fantasi ya Uingereza imebadili kanuni: kiungo akifikisha vitendo 12 vya ulinzi katika mechi moja, yaani kunyang'anya, kuzuia, kunasa, kuondosha na kurejesha mpira, anapata pointi 2. Mkata umeme amepandishwa cheo. Imechukua zaidi ya miaka ishirini tangu mchezo huo uanze mwaka 2002, lakini karani amefumbua macho kidogo.

Nilipita Kikuyu jioni ile kumpelekea baba mkubwa nyama. Nilimwambia nimeshindwa. Hakujali. Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza miaka ile, kuhusu yule kiungo wa mjini kwetu niliyemwandikia tanzia fupi. Alimkumbuka?

"Nimkumbukeje nisimkumbuke," alisema. "Sisi tulikuwa tunamwita Stesheni."

"Kwa nini?"

"Mpira ungetokea kokote uwanjani, lazima upite kwake kwanza. Na akishaupokea, kila mtu anajua unaelekea wapi na utafika saa ngapi."

Akaendelea kwa saa nzima: mechi ya mvua, mguu wa kushoto uliovunjika ukaunga vibaya, msimu aliocheza hivyohivyo, vijana wa reli waliokuwa wakipiga filimbi kila akigusa mpira. Niliandika kurasa saba. Bao sikulisikia hata moja, na safari hii sikuuliza.

Daftari langu nimeliweka juu ya kabati.