KISHINDO NA BESI: HISTORIA YA KANUNI MOJA YA MUZIKI WA TRANSI

Kila mwalimu wa ushairi wa Kiswahili amekwisha kuulizwa na wanafunzi wake: kwa nini mizani ziwe 16, zisiwe 15 au 19? Aghalabu jibu analopewa mwanafunzi ni kwamba ndivyo wazee walivyotunga. Jibu hilo si la uongo, lakini halimridhishi kijana, wala, tukisema kweli, halituridhishi sisi wenyewe. Katika makala hii tunakusudia kulichungua swali hilo kwa njia ya mzunguko, yaani kwa kusimulia historia ya kanuni nyingine ya 16, isiyotoka kwetu, ambayo umri wake ni mdogo hata tunaweza kuona jinsi ilivyozaliwa na kwa sababu gani. Nayo ni kanuni ya kupanga kishindo na besi katika muziki uitwao transi ya kisaikedelia.

Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu wataguna. Muziki huo kwa kawaida hauimbwi, hupigwa na mashine, na sifa yake si njema masikioni mwa wazazi, kwa kuwa tafrija zake hukesha hadi jua kuchomoza na zimehusishwa na madawa ya kulevya tangu mwanzo. Hatuandiki ili kuusifu wala kuulaani. Tunaandika kwa sababu mafundi wake wamegombana juu ya kanuni kwa namna ile ile waliyogombana washairi wetu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Kipimo kimoja cha muziki huu kina mapigo manne, na kila pigo hugawanywa mara nne, hivyo tunapata vituo 16. Kishindo, yaani pigo zito la goma kubwa, huanguka katika kituo cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Vituo 12 vilivyobaki ni vya besi. Ukivitaja kwa mdomo utasema: kishindo, besi, besi, besi, kishindo, besi, besi, besi, na utaendelea hivyo kwa dakika saba, nane au tisa. Vipimo vinne vina vituo 64, sawasawa na mizani za ubeti mmoja wa tarbia wenye mishororo minne. Hatudai kwamba kuna undugu wa damu hapa. Katika shairi uzito huangukia mwishoni, kwenye vina vya mizani ya 8 na ya 16. Katika transi uzito huangukia mwanzoni, na yanayofuata ni kama mwangwi unaokimbilia pigo lijalo. Lakini mtu aliyekwisha kuhesabu mizani kwa vidole hatapata taabu kuielewa kanuni hii.

Kishindo cha mapigo manne yaliyo sawa hakikubuniwa na watu wa transi. Mpigaji ngoma Earl Young wa Philadelphia, Marekani, ndiye anayetajwa sana kuwa alikipa umbo lake la disko, hasa katika wimbo wa "The Love I Lost" wa mwaka 1973. Miaka minne baadaye, mjini Munich, Giorgio Moroder na Pete Bellotte walimrekodia Donna Summer wimbo wa "I Feel Love". Humo karibu kila sauti, isipokuwa ya mwimbaji, ilitoka katika sintesaiza moja kubwa ya Moog. Tunasema karibu kila sauti kwa kuwa mashine ile haikuweza kutoa kishindo cha kuridhisha, ikabidi Keith Forsey akipige goma kubwa kwa mguu wake mwenyewe, kwa subira ya mtu anayetwanga. Nayo besi iliongezwa mara mbili kwa hila: kila noti ilirudiwa na kifaa cha mwangwi, noti halisi upande mmoja wa sikio na mwangwi wake upande wa pili. Hivyo noti chache zikageuka mkondo usiokatika. Mkondo huo ndio nyanya ya besi tunayoizungumza.

Baada ya hapo mashine zilifuatana haraka. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808 mwaka 1980, na TR-909 mwaka 1983, zote mbili za ngoma. Katikati yake ikaja TB-303, kisanduku kidogo kilichokusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa asiye na mwenzake wa besi. Kwa kazi hiyo hakikufaa kitu. Kilipofika mwaka 1984 kilikwisha kuachwa kutengenezwa na kikawa kinapatikana kwa bei ya kutupa katika maduka ya vitu vikuukuu. Vijana wa Chicago wa kundi la Phuture wakakichukua, wakavizungusha vishikio vyake huku kikilia, na mwaka 1987 wakatoa "Acid Tracks". Tunalitaja jambo hili kwa sababu mlio ule wa kukoroma na kupiga mbinja ndio ulioingia Goa.

Lakini chombo kilichofanya kazi kubwa zaidi hakikuwa na mlio wowote. Januari 1983, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa vyombo vya muziki huko California, sintesaiza mbili za kampuni mbili zinazoshindana ziliunganishwa kwa waya na moja ikaifanya nyingine ilie. Mkataba ule wa lugha ya mashine uliitwa MIDI. Miaka miwili baadaye kompyuta ya Atari ST ilitoka kiwandani ikiwa na matundu ya MIDI tayari, na mwaka 1989 Wajerumani wa Hamburg wakatoa programu ya Cubase iliyomwonyesha mtunzi vipimo vyake vikiwa vimelala kwenye kioo kama mistari ya daftari. Tangu siku hiyo mtunzi hakuhitaji tena mguu wa Forsey. Vituo 16 vilikuwa mbele ya macho yake, na kazi yake ilikuwa kuvijaza.

Sasa tuje Goa. Wasomaji wetu wa pwani na wa miji ya bara hawahitaji kufundishwa jina hilo. Wagoa wamekuwa makarani, washonaji, wapishi na walimu katika Afrika ya Mashariki kwa vizazi kadhaa. Wareno waliitwaa Goa mwaka 1510, na kutoka huko ndiko walikotawala Mombasa na Ngome yake. Huko ndiko alikolelewa na kubatizwa Yusuf bin Hassan, yule mfalme wa Mombasa aliyewageukia Wareno mwaka 1631. India iliichukua Goa mwaka 1961. Si muda mrefu baada ya hapo vijana wa Ulaya na Marekani walianza kumiminika katika fukwe za Anjuna, wakitafuta jua, maisha ya gharama ndogo na, kama walivyosema wenyewe, roho zao. Miongoni mwao alikuwemo Gilbert Levey wa San Francisco, aliyejulikana kama Goa Gil na aliyefariki mwaka 2023. Mwanzoni walipiga magitaa. Katika miaka ya 1980 wakaanza kupiga kaseti za muziki wa mashine kutoka Ulaya.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita. Wapigaji wale, akiwemo Mfaransa Laurent, walikata maneno. Walichukua nyimbo za Wajerumani na Wabelgiji, wakaondoa sehemu zenye uimbaji, wakaunganisha sehemu zisizo na sauti ya mtu, na kuzirefusha. Wachezaji walitoka mataifa mengi, na neno la lugha moja lingewagawa. Aidha mtu anayetaka kusahau nafsi yake usiku kucha hataki kuhutubiwa. Lakini neno likiondoka, wajibu wote wa kumshika msikilizaji huangukia kwenye pigo. Tunadhani kwamba huo ndio mzizi wa ukali wa kanuni iliyofuata. Shairi likivunja mizani lina maana ya kulishikilia. Muziki huu ukivunja pigo hauna mahali pa kuegemea.

Kwa kuwa santuri hukunjamana katika joto la ufukweni, Goa ilipiga kaseti, kisha kaseti ndogo za dijitali za DAT zilizotokea mwaka 1987. Mafundi walirekodi kazi zao Ulaya na kuzipeleka mikononi, kabla hazijachapwa popote. Katikati ya miaka ya 1990 London ilikuwa na makampuni yake ya muziki huu, kama Dragonfly na TIP, na mwaka 1995 Simon Posford, kwa jina la Hallucinogen, alitoa "Twisted", santuri ambayo wengi huihesabu kuwa mfano wa enzi ile. Mtu akiisikiliza kazi ya miaka hiyo atagundua kwamba kanuni haikuwa imekaza bado. Kishindo kipo pale pale, lakini besi hupanda na kushuka, huruka vituo, na pengine hufuatana na ghani. Na ghani zenyewe hupangwa moja juu ya nyingine kama nyuzi za mkeka.

Iliyokaza kanuni ni fizikia, na hapa tunamwomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Muziki huu hupigwa kwa mwendo wa mapigo kama 145 kwa dakika. Basi kituo kimoja kina takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Noti ya besi hutikisika mara 45 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya kituo kimoja wimbi lake hupata nafasi ya kuzunguka mara nne au tano tu. Kishindo nacho si dafrau tupu. Ni sauti inayoanza juu sana na kuporomoka ghafla hadi kwenye uzito wa mitikisiko 50 hivi, eneo lile lile la besi. Mkia wa kishindo ukirefuka ukaingia katika kituo cha pili, mawimbi mawili hukutana. Yakienda pamoja sauti huvimba. Yakipingana hufutana, na spika kubwa kama kabati hutoa pumzi badala ya ngurumo.

Kutokana na hayo mafundi walijifunza kukata mkia wa kishindo, kuhakikisha kwamba kila noti ya besi inaanza mahali pale pale pa wimbi lake, na kuiacha besi ibaki juu ya noti moja kwa muda mrefu. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa sintesaiza za zamani, ambazo hazikuanza mara mbili kwa namna moja. Ilikuwa rahisi pale sintesaiza zilipoingia ndani ya kompyuta yenyewe, kuanzia mwaka 1999. Ndiyo maana mtindo wa besi inayobingirika bila kukoma ulitawala miaka ya 2000. Wala hatupaswi kuwasahau wapiga santuri. Wao huunganisha kazi moja na nyingine bila kunyamaza, kwa hiyo kila mtunzi hujenga kwa mafungu ya vipimo 8, 16 au 32, ili mwenzake ajue mlango uko wapi. Vipimo 32 kwa mwendo ule ni sekunde 53.

Basi malalamiko yakaanza. Wakongwe wa Goa walisema kwamba kazi zote zimekuwa kazi moja, kwamba vijana wanajaza vituo kama mtu anayejaza fomu. Vijana wakajibu kwamba wakongwe hawakuwa huru kwa kupenda, ila mashine zao ziliwashinda. Msomaji atakumbuka mabishano yetu: Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuziandika sheria za utunzi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974 wapo waliokataa kuyaita yale mashairi. Sisi, kwa kadiri ya uchambuzi wetu, tunaona wakongwe wa Goa walikosea shabaha. Besi tatu baada ya kishindo si uvivu. Ni suluhisho la taabu halisi, lililopatikana kwa masikio na kwa majaribio mengi. Uvivu umo katika mambo yaliyoigwa bila taabu: ukimya ule ule katikati ya kazi, sauti ile ile ya mtu anayenena mafumbo ya anga kutoka katika filamu, kupanda kule kule kabla ya kishindo kurudi. Hayo hakuna wimbi lililoyadai.

Na ndani ya kanuni yenyewe wapo wanaocheza. Baadhi hupunguza nguvu ya besi ya kwanza ili kishindo kipumue. Wengine huligawa pigo mara tatu badala ya nne kwa vipimo vichache, na uwanja mzima huyumba, kisha huwarudisha watu kwenye vituo 16 kabla hawajaanguka. Wale wa transi ya msituni wameuvusha mwendo mapigo 150 na zaidi, ambapo kituo huwa kifupi kiasi kwamba besi haina budi kukatwa zaidi. Na wale wa mwendo wa taratibu, chini ya 140, wameirudishia besi nafasi ya kuruka vituo kama ilivyokuwa Anjuna.